Mwonyeshe Msusi Nywele Zako Kabla ya Picha

Hotuba kwa kikundi cha akina mama na mabinti, Dar es Salaam

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu na mabinti, hamjambo? Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi, na nashukuru zaidi kwa kiti na kioo mlivyoniwekea hapa mbele, maana mtu wa saluni akiongea mikono mitupu hupwaya.

Nimeombwa nizungumzie mkato wa leya, yaani wa nywele zinazokatwa kwa tabaka badala ya kuishia mstari mmoja, hasa namna ya kujua leya ipi inafaa nywele zipi. Wenye saluni mliomo humu mtanielewa haraka. Mteja anaingia, anasalimia, anakaa, anatoa simu. Kwenye simu kuna picha. Mara nyingi ni ya mwanamke mwenye nywele za singa, nyingi, zimepigwa brashi na drayer na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, kisha akapigwa picha kabla hajatoka nje kwenye upepo. "Nataka hivi." Na sisi, kwa kuogopa asihamie saluni ya jirani, tunachukua mkasi.

Mimi nasema picha ije baadaye. Kwanza zitazamwe nywele zenyewe, zikiwa safi, kavu, hazijapigwa pasi, zimekaa zinavyotaka kukaa. Kwa sababu leya ni habari ya uzito. Ukizifanya za juu ziwe fupi kuliko za chini, umezitua mzigo, na nywele zilizotuliwa mzigo hufanya kile zilichokuwa zinazuiwa kufanya. Singa zitateleza na kupepea. Za mawimbi zitaongeza wimbi. Za kipilipili zitapanda juu. Mkasi ule ule, mkono ule ule, vichwa vitatu tofauti.

Na hizo picha zenyewe zina mambo. Kuna mkato wa leya uliovuma duniani kuanzia 1995, wa mwigizaji wa Marekani Jennifer Aniston, uliokatwa na msusi wake Chris McMillan. Wanawake walimiminika saluni wakiwa na picha za magazeti mkononi. Miaka ilipopita, Aniston mwenyewe akasema hadharani kwamba hakuupenda, na kwamba bila msusi wake alikuwa hajui hata aanzie wapi kuuseti. Sasa kama mwenye kichwa alishindwa, wewe unayewahi daladala ya Mbagala alfajiri, taa hakuna, mtoto analia, utauweza?

(Kicheko.)

Haya, tuingie kwenye kazi. Ukijua leya inavyokatwa, hakuna atakayekubabaisha. Fundi huchukua fungu la nywele, hulibana kati ya vidole viwili, halafu hulivuta. Siri yote iko kwenye pembe anayolivutia. Akilivuta kwenda chini, likalala shingoni, akalikata hapo, nywele zote hushukia mstari mmoja; hiyo siyo leya. Akilinyanyua nyuzi 45, nywele hupandana na kujaa kisogoni, ndiyo ile bobu fupi iliyonenepa nyuma. Akilitoa nyuzi 90, likasimama wima kutoka ngozini, na akafanya hivyo kichwa kizima, kila unywele unabaki na urefu mmoja kutoka shina hadi ncha; hiyo nayo ni leya, ile ya urefu sawa. Akizivuta zote kuelekea utosini, moja kwa moja juu, kisha akakata, za juu zinakuwa fupi na za chini zinabaki ndefu: hiyo ndiyo leya ndefu ambayo wengi huitaka bila kujua jina lake.

Kwa hiyo usimwambie msusi "nikatie leya" ukanyamaza. Mwulize fungu fupi kuliko yote litaishia wapi. Kwenye nyusi? Kwenye kidevu? Kwenye mfupa wa bega? Jibu la hapo ndilo litakalokuandama kila asubuhi.

Sasa kuna wanaosema nywele za kipilipili hazikatwi leya. Waende kwa kinyozi wakamtazame anavyochonga afro. Anachana mpaka zisimame, anazunguka kichwa chote kwa mkasi au mashine, urefu ule ule kutoka ngozini. Nyuzi 90 kila upande. Afro ya duara ni leya kamili, na ni kazi ngumu kuliko leya ya singa, kwa kuwa kila kosa linaonekana kwenye umbo. Mkato mfupi wa kupunguza pembeni na kisogoni huku utosi ukiachwa umejaa, ambao siku hizi tunauona kwa wadada wengi wa maofisini, nao ni leya. Tumezoea tu kuliita jina hilo pale nywele zinaponing'inia.

Binti huyu amekubali kutusaidia. Njoo mwanangu, kaa. Nywele zake hazijawahi kutiwa dawa, ameziosha jana, leo ni kavu. Nachukua msokoto mmoja hapa kisogoni na tepu ya fundi cherehani. Ukiwa umelegea, sm 7. Nauvuta taratibu mpaka unyooke: sm 20. Nachukua mwingine utosini. Umelegea, sm 5. Ukivutwa, sm 19.

Njooni karibu mnaotaka kuona. Zikivutwa zinakaribia kulingana. Zikiachwa, za utosini zimejikunja zaidi. Maana yake nini? Nikizipiga drayer zote zikanyooka, nikazikata zikalingana vizuri mbele ya kioo, siku akiziosha utosi utapanda na kichwa kitakuwa na shimo katikati. Na liko kubwa zaidi. Akiniambia "punguza kidogo tu, sentimita mbili," nikazikata sm 2 hizo kwenye msokoto wa utosini uliolegea, nimemkata karibu sm 8 za unywele wenyewe. Nywele za aina hii hukua kama sm 0.8 kwa mwezi. Singa hukaribia sm 1.2. Yaani "kidogo tu" hiyo ni miezi tisa au kumi ya kungoja. Ahsante mwanangu, kaa hapo hapo, nitakuhitaji.

Hapo ndipo lilipo neno langu kubwa la leo: nywele zikatwe katika hali unayoishi nayo. Kama unaziachia misokoto yake wiki nzima, zikatwe kavu, msokoto kwa msokoto, bila kuvutwa. Kama kila Jumamosi uko chini ya drayer na kila siku unatembea nazo zimenyooka, zikatwe zimenyooka. Wanaotaka yote mawili, leo afro, kesho blo, wajue watapata umbo zuri upande mmoja na la kuvumilia upande wa pili. Na zikiwa zimelowa, maji hulegeza viungo vilivyomo ndani ya unywele, ukarefuka na kuvutika, kisha ukikauka ukajirudi. Kwa singa kurudi huko ni kidogo na ndiyo maana hukatwa zimelowa bila shida. Kwa kipilipili ni kubahatisha.

Sasa aina zenyewe. Wengi mmesikia zile namba za mitandaoni, 3B, 4C na kadhalika. Zilianzia kwa Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, katika miaka ya 1990: 1 ni singa, 2 mawimbi, 3 mapete, 4 kipilipili; herufi huonyesha kiasi cha kujikunja. Zinasaidia, sizikatai. Ila mtu anakuja kaishika 4C yake kama namba ya kitambulisho na hajui mambo mawili muhimu zaidi kwa mkasi: unywele mmoja mmoja ni mnene au mwembamba, na kichwani nywele ni nyingi au chache. Hayo mawili hayafuatani. Unaweza kuwa na nywele nyembamba sana lakini nyingi mpaka kibanio kinakatika. Unaweza kuwa na nywele nene, ngumu, lakini chache, ngozi inaonekana.

Jipime nyumbani. Chukua unywele mmoja uliotoka kwenye chanuo, uviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Usipouhisi kabisa, ni mwembamba. Ukiuhisi kama uzi, ni mnene. Kisha, kama nywele zako zinafungika, zibane nyuma na uzungushe tepu kwenye shina la fungu hilo. Mzunguko ukiwa chini ya sm 5, ni chache. Ukipita sm 10, ni nyingi. Kama hazifungiki, tazama ngozi mahali ambapo hukuzigawa. Ikionekana kirahisi, ni chache.

Mwenye singa chache na nyembamba, namwomba aogope leya. Kila fungu linalofupishwa juu limetolewa kwenye wingi wa chini, na chini hakukuwa na cha kutoa. Mkato wa mstari mmoja, mabegani au juu kidogo, utazifanya zionekane nyingi kuliko zilivyo. Akitaka mwendo kidogo, leya mbili za mbele, kuanzia kidevuni kwenda chini, zinatosha. Mwenye singa nyingi na nene ndiye leya ilizaliwa kwa ajili yake: zimpunguzie mzigo, zianzie chini ya kidevu, zikatwe kwa uangalifu kwa kuwa singa haifichi kosa. Kila alama ya mkasi inabaki kama ngazi ya nyumba.

Za mawimbi na za mapete zina shida yake. Hapa Dar tunazo nyingi, nenda Upanga, nenda Kariakoo. Ukivuka kwenda Unguja au ukipanda Tanga na Mombasa, utakuta familia moja ina vichwa vinne na nywele nne. Mama singa, binti wa kwanza mawimbi, wa pili mapete, mdogo wao kipilipili, na wote wanapelekwa saluni moja na kukatwa namna moja. Ukizikata nywele za mapete mstari mmoja, uzito huzivuta za juu zikalala bapa, huku za chini zikitanuka, kichwa kikawa kama kawa lililofunika sinia. Leya ndiyo dawa. Lakini fupi ianzie chini ya shavu, maana pete hujirudi ikikauka, na kile ulichokikusudia kidevuni utakikuta kwenye pua. Kwa mawimbi mepesi unaweza kuanzia juu kidogo. Kwa mapete ya kubana, nenda taratibu, kata kidogo, zikauke, tazama, kata tena. Msusi anayemaliza mapete kwa dakika kumi ananitia wasiwasi.

Nifike kwa wenye dawa, ambao najua ni wengi humu. Dawa ya kunyoosha huvunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na vikishavunjwa hivyo havirudi. Kinachoota baada ya hapo kinaota na umbo la kuzaliwa nalo. Sasa chukua mtu wa miezi minne tangu aguse, yaani tangu atie dawa kwenye nywele zilizoota shinani. Shina limeota karibu sm 3. Umemkatia leya ya utosini ya sm 6. Nusu ni kipilipili, nusu imelala. Nusu ya kipilipili itaisukuma nusu ya pili juu, na leya itasimama. Chini, ambako nywele zina sm 25, hizo sm 3 hazionekani kabisa. Ndiyo sababu mtu wa dawa anatoka saluni amependeza, na baada ya wiki chache analalamika kwamba msusi kamharibia. Mkato haukuwa mbaya. Leya fupi ilikuwa fupi mno kwa mtu wa dawa. Kwa mwenye dawa, fungu fupi kuliko yote lisiishie juu ya kidevu kama si mtu wa kugusa shina kwa ratiba, na mkato ufanywe baada ya kugusa, siyo kabla.

Halafu zile ncha. Shika ncha zako, ziweke mbele ya karatasi nyeupe. Ukiona karatasi kupitia nywele, zimechoka. Leya hapo ni kuongeza tatizo, kwa sababu leya inazitoa ncha zote nje zionekane. Kata mstari mmoja kwanza, zikae miezi michache, mafuta ya nazi yasaidie kupunguza kukatika wakati wa kuosha, ndipo urudi na picha yako.

Nami nina ugomvi na vifaa viwili. Kimoja ni mkasi wa meno, ule wa kupunguza wingi. Kwenye singa nene una kazi yake. Kwenye mapete na kipilipili unakata unywele huu na kuuacha ule katika msokoto mmoja, na vile vifupi havikubali kukaa na wenzake, vinasimama nje, mteja anadhani nywele zimeanza kukatika. Cha pili ni wembe. Wembe huacha ncha imechongoka na kuchanika. Singa hupata ulaini, za kujikunja hupata timtimu. Ukiona msusi anachukua wembe na nywele zako ni za kipilipili, una haki ya kuuliza, kwa heshima, "Dada, mkasi haupo?"

Kuna wanaojifunika, na mimi ni mmoja wao. Mabinti huja wakitaka leya za mbele zinazozunguka uso, zile fupi za kwenye shavu. Nyumbani zinapendeza. Ukivaa hijabu zinachomoza kwenye paji la uso na pembeni mwa masikio kutwa nzima, na wewe kutwa nzima unazirudisha kwa kidole. Na kisogoni, leya ya utosini ikiwa fupi haifiki kwenye kibanio, kwa hiyo huwezi kupata kifundo cha kushikilia mtandio. Kipimo changu ni rahisi: kusanya nywele kama unavyozikusanya kila siku kabla ya kujifunika. Fungu la mbele lisikatwe fupi kuliko umbali wa kutoka paji la uso hadi kwenye hicho kibanio, na liachwe nyongeza ya sm 4 au 5 kwa ajili ya kushika. Ukitaka fupi kuliko hapo, basi fanya hivyo ukijua.

Wanaosuka nao wahesabu. Kwenye twende kilioni leya si tatizo sana, mkono wa msusi unazimeza. Kwenye rasta, vipande vifupi huchomoza katikati ya msuko mpaka utadhani una manyoya. Mtu anayesuka miezi kumi kati ya kumi na miwili, leya ya nini? Apunguze ncha tu. Na kama anaitamani kweli, wigi la leya lipo, linakatwa kichwani kwake likiwa limevaliwa, na likikosewa halimgharimu mwaka.

Habari ya maumbo ya uso, uso wa yai, wa moyo, wa mraba, sitaikalia. Ina ukweli wake, lakini nimeona watu wanatumia nusu saa kubishana kama kidevu ni cha mraba au cha duara wakati nywele hazijaguswa hata kwa mkono. Pale fungu fupi linapoishia ndipo jicho linapotua. Hutaki watu watazame taya, usiishie kwenye taya. Basi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitajibu swali moja, mengine tutaongea kwenye chai.

(Mama mmoja aliuliza: binti yake ana miaka kumi na miwili, nywele za kipilipili nyingi sana, hazijatiwa dawa, shuleni likizo imeanza, na anataka leya kama ya mwenzake wa singa. Amkubalie?)

Mama, ahsante. Umri si tatizo, mkasi hauna kemikali. Shida ni kwamba akiikata kama ya mwenzake, atalazimika kuzichoma kwa pasi kila wiki ili ionekane, na likizo ikiisha atakuwa na ncha za kukata tena. Zaidi ya hapo shule ikifunguliwa watamwambia asuke au anyoe, na vile vifupi vitamsumbua. Fanya hivi. Zioshe, zifunge kwa uzi usiku kucha ili zirefuke bila moto, asubuhi zifungue na mwache ajione kwenye kioo zikiwa zimerefuka. Kisha zilowe, zikauke, ajione tena. Mwulize anapenda zipi. Akizipenda za misokoto, mlete nimkatie afro ya duara, zikiwa kavu. Akizipenda zilizorefuka, mwache kwanza bila mkasi, aendelee na uzi likizo yote, tuone kama Januari bado anaitaka. Na njooni asubuhi, siku ya katikati ya wiki. Jumamosi siwezi kukata kipilipili vizuri, foleni inanipigia kelele mgongoni.